Chumba cha Mwisho wa Korido

Nyumbani, 4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Simu yako haipatikani, kwa hiyo nimeamua kuandika. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua ina adabu kuliko simu, kwa sababu haiwezi kumkatiza mtu akiwa anakula.

Mimi na Baba hatujambo. Mama na Kishindo nao hawajambo, ila hatuko nao. Mama alihamishwa kikazi kabla ya mwaka kuisha, akapelekwa mji ulio mbali, safari ya kutwa kwa basi. Aliondoka na Kishindo kwa kuwa mdogo wangu huyo bado ananyonya kidole na hajui kulala bila yeye. Wamepanga chumba kimoja. Mama anasema akinyoosha mkono kitandani anafika jikoni.

Mimi na Baba tumebaki kuuza nyumba. Ikiuzwa tutawafuata. Kazi ya Baba ni kukagua mizani, na mizani ipo kila penye duka, kwa hiyo yeye hana shida ya mahali. Shida ni nyumba.

Shangazi, ukiiona hutaijua. Baba aliikarabati yote ili ipendeze kwa wanunuzi. Ukuta wa kati ya jikoni na sebule haupo tena. Dari ni la jipsamu lenye taa zilizozama ndani. Madirisha ni ya alumini, ya kusukuma. Sakafu yote ni vigae, hadi kwenye korido, na vinang'aa hivi kwamba ukipita unaiona miguu yako ikikufuata kwa chini.

Watu wanakuja. Anawaleta dalali mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Fursa. Wakifika wanasifu kila kitu, halafu wanafika mwisho wa korido na kusimama. Pale kuna mlango mmoja wa zamani, wa mbao, umefungwa.

"Na hiki?"

"Stoo," Baba anajibu.

Juzi mama mmoja akamwambia, "Stoo yenye kitasa kikubwa kuliko cha mlango wa mbele? Mna dhahabu humo?" Alicheka, lakini hakurudi.

Mwalimu alitufundisha kwamba jambo kuu lisicheleweshwe kupita kiasi, nami naona nimelichelewesha. Je, Shangazi, ufunguo wa chumba hicho unao?

Mimi mtoto wako,
mwenye maswali mengi


Zahanati, 1 Machi

Bi Maswali wangu,

Marahaba, mara mbili. Barua yako imekuja na gari la dawa, ikiwa imekaa katikati ya boksi la glavu na boksi la dawa za minyoo, kwa hiyo imefika ikiwa safi kuliko mimi. Simu hapa hushika juu ya kilima tu, na magoti yangu na kilima hicho havisalimiani.

Kazi inaenda. Wiki hii nimepokea watoto wengi, na mmoja alitoka amekunja uso kama hakimu aliyecheleweshewa chai. Nikamwambia mama yake, huyu atakuja kutufunga sote. Akacheka, na kucheka kukamsaidia.

Nimefurahi kujua mama yako na Kishindo ni wazima. Pole kwa kutengana. Kula vizuri, na usimwachie baba yako kupika. Alipokuwa mdogo alichemsha yai mpaka sufuria ikatoboka.

Hujaniambia habari za mlimau wa uani. Bado unazaa? Na lile bomba la nje, bado linakohoa kabla ya kutoa maji? Na meza ya mama yangu, ile yenye mguu mmoja mfupi, ameiweka wapi?

Unaandika vizuri sana. Jambo moja tu sijalielewa: ni baba yako aliyekutuma kuniandikia?

Wako,
Shangazi


Nyumbani, 22 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka habari ya yai mpaka Baba akauliza nina nini. Nilisema ni kichekesho cha shuleni. Naomba unisamehe kwa uongo huo, maana umeshajua sasa kwamba hakunituma. Hajui kwamba nakuandikia.

Mlimau unazaa. Bomba linakohoa. Meza ya Bibi iko chumbani kwangu na ndiyo ninayoandikia. Mguu mfupi nimeuwekea kifuniko cha chupa.

Nyumba haijauzwa. Bwana Fursa alileta bwana na bibi waliokuja mara nyingi. Walipima makabati ya jikoni kwa futi, wakapiga picha dari, wakauliza fundi wetu ni nani. Baba alifurahi mno, akajua hao ndio wenyewe. Baadaye tukapita kwao tukielekea dukani, tukakuta mafundi wanavunja ukuta wa jikoni kwao. Baba alisimama barabarani kama mtu aliyeona mtu mwingine amevaa shati lake.

"Nimefungua shule," akasema, "na ada sijatoza."

Lakini wengi wanashindwa kwa sababu ya mlango. Wengine wanadhani tunaficha ufa. Mtaani watoto wanasema kuna mtu ndani. Mimi huwaambia ukweli, kwamba ni chumba alichougulia Bibi na kwamba Shangazi alikifunga baada ya mazishi, kabla hatujahamia. Bwana Fursa ameniomba nisiwe nasema ukweli mwingi wanunuzi wakiwepo.

Jumamosi alimwambia Baba, "Mzee, kitasa hicho fundi anakifungua kabla chai haijapoa. Tatizo liko wapi?"

Baba akamjibu, "Mlango wa dada yangu haufunguliwi na mtu wa kulipwa."

Bwana Fursa akainua mikono, akaniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye mtu mzima.

Nami nilimwuliza Baba jioni kwa nini uliondoka bila kukaa nasi hata kidogo. Alichukua ndoo akaenda kumwagilia mlimau. Mvua ilikuwa inanyesha.

Mama amepiga simu. Kishindo ameuliza kama nimekuwa mrefu, ili asije akanipita njiani bila kunijua.

Mtoto wako


Zahanati, 5 Mei

Mpenzi wangu,

Usinidhanie vibaya kwa kukawia. Mvua ilibeba kipande cha barabara, na gari la dawa likawa linalala upande wa pili wa mto likitutazama. Barua yako niliipata imelowa pembeni, lakini maneno yako yamekaza.

Nimesoma ile ya ndoo na mvua. Ndivyo alivyo. Tulipokuwa wadogo, akivunja kitu, ungemkuta anafagia uwanja.

Umeniuliza jambo, nami si vizuri kulizunguka tena. Ufunguo ninao. Uko kwenye mfuko wa koti langu la kazi, na wauguzi wenzangu wanadhani ni wa kabati la dawa.

Mama yangu aliugua muda mrefu ndani ya chumba kile, nami niliacha kazi nikakaa naye. Baba yako alikuwa safarini, mji hadi mji, na mizani yake. Kazi ni kazi. Alifika siku ambayo nyumba ilikwishajaa watu. Nilifunga mlango baada ya watu kuondoka. Sikuufunga kwa hasira, au labda ilikuwepo kidogo, kama chumvi. Ndani kuna kitanda, kabati, na kiti chake. Hakuna dhahabu, mwambie yule mama.

Lakini ufunguo si kitu cha kutumbukiza kwenye bahasha kwa sababu kuna mnunuzi. Anayeuhitaji ana mdomo, na kuuliza si ujinga. Mwambie baba yako hivyo.

La, usimwambie.

Soma kwa bidii. Funika maji ya kunywa.

Shangazi


Nyumbani, 29 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa mvua na mto. Mimi nimekuwa wa tatu darasani. Ningekuwa wa pili, lakini kwenye jiografia nilichora mto ukipanda mlima.

Nina habari mbili, na sijui ipi itangulie.

Amekuja mnunuzi wa kweli. Ni dereva wa basi, na mke wake ni fundi cherehani. Wana mapacha wa kiume ambao waliteleza kwenye vigae vya korido kama samaki hadi mama yao akawafinya. Hawa hawakupima makabati. Yule mama alikaa sakafuni sebuleni, akatazama mwanga unaingia wapi, akasema, "Hapa mashine yangu itakaa." Wanaishi na mama yake mzazi, ambaye hutembea kwa kushika kuta, na siku hizi hata kuta hazimtoshi. Kwa hiyo wanahitaji vyumba vinne. Walisimama mbele ya mlango wako. Dereva akasema, "Bosi, mimi siendeshi gari ambalo sijafungua boneti." Baba akawaambia wasubiri kidogo. Hakusema stoo.

Habari ya pili ni kwamba nimemwambia Baba kuwa nakuandikia. Sikuweza kuendelea kuficha. Nilitegemea atanigombeza. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akauliza barua ni ngapi, akauliza unaandika kwa wino gani, akauliza kama mwandiko wako bado umelala upande mmoja. Nikamwuliza kama ana ujumbe.

"Andika," akasema, "andika kwamba..."

Nikasubiri. Akasema tena, "Mwambie kwamba nyumba..." Akakuna kidevu. Mara ya mwisho akasimama kabisa, kama mtu anayehutubia, halafu akakaa.

"Muulize kama magoti yake bado yanamsumbua."

Hayo ndiyo aliyosema, Shangazi, na nimeyaandika kama yalivyo. Je, magoti yako bado yanakusumbua?

Mtoto wako


Zahanati, 25 Juni

Bi Maswali,

Hongera kwa nafasi ya tatu. Mto huo uache upande, umri wako unaruhusu.

Mwambie baba yako magoti yanasumbua wakati wa baridi, na kwamba nilikuwa najiuliza ataniuliza lini.

Ndani ya kitambaa hiki nilichokishona kuna ufunguo. Usikate uzi kwa meno. Fungueni wawili, wewe na yeye. Asifungue peke yake.

Yule bibi anayeshika kuta, ana umri gani?

Shangazi


Nyumbani, 16 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ufunguo umefika salama. Sikukata uzi kwa meno. Sijui umri wa yule bibi, ila binti yake anasema ukimwuliza anajibu, "Andika wowote."

Sasa nitakueleza kilichotokea, nami nitakieleza polepole kwa sababu bado sijamaliza kukielewa.

Tulisubiri Jumapili. Baba alinyoa ndevu. Aliingiza ufunguo, ukazunguka vizuri, kama umepakwa mafuta jana. Akashika kitasa, akasukuma. Mlango haukwenda. Akasukuma kwa bega. Nami nikasukuma. Akasema mbao imevimba kwa mvua.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa, nikaona bawaba. Zilikuwa upande wetu.

"Baba," nikasema, "mimi naona huu mlango unafungukia huku kwetu."

"Unafungukia ndani. Nimezaliwa humu, mwanangu."

Lakini akauvuta. Ulisogea kidogo kabisa, unene wa ukucha, halafu ukagonga kigae. Vigae vya korido viliinua sakafu, Shangazi, na mlango ukabaki nyuma yake kama gari nyuma ya tuta. Hapo nikakumbuka. Wakati wa ukarabati fundi wa vigae alimwita Baba mahali pale pale akamwambia, "Mzee, mlango huu utabana." Na Baba alimjibu maneno hayo hayo, kwamba unafungukia ndani na kwamba amezaliwa humu.

Mtu anayepima mizani ya mji mzima! Ningecheka, lakini nilimtazama usoni nikaacha. Alikaa chini sakafuni na suruali yake nzuri.

"Tangu lini?" akauliza. Alikuwa akiuliza mlango, nafikiri, kwa sababu mimi nisingeweza kujua.

Bwana Fursa amesema ni kazi ndogo: seremala ang'oe bawaba, akate mlango kidogo kwa chini, urudishwe. Dereva na mkewe wanasubiri, lakini wameonyeshwa pia nyumba nyingine karibu na stendi. Baba amekataza mlango usiguswe na msumeno mpaka wewe ujibu.

Kwa hiyo nakuuliza kwa niaba yake, na safari hii amenituma kweli: mlango huu unafungukia nje tangu lini?

Mtoto wako


Zahanati, 9 Agosti

Wangu,

Nimekaa na barua yako siku nzima, nikiwachoma watu sindano huku nikiiwaza. Mtoto mmoja amesema leo sikuumiza hata kidogo.

Tangu miguu ya mama yangu ilipokataa. Tulimpatia kiti cha magurudumu, na chumba ni kidogo kama ulivyoona, au kama utakavyoona. Mlango ukifungukia ndani, kiti hakigeuki. Anabaki anatazama kabati. Nikamwita seremala akaugeuza. Mama akatoka korido nzima hadi uani, hadi kwenye mlimau, akachuma limau mwenyewe akalinusa. Alisema, "Mlango huu sasa una akili."

Baba yako angejuaje? Siku aliyofika mlango ulikuwa wazi, umelala ukutani, na viti vya wageni vimepangwa mbele yake. Na barua zote nilizomwandikia kabla ya hapo zilisema Mama hajambo. Yeye ndiye aliyetaka nimwandikie hivyo. "Usimsumbue mtoto, yuko kazini." Nami nilimtii, mpaka mwisho, na hata baada ya mwisho.

Sijawahi kuyasema haya kwa mtu. Mpe baba yako ukurasa huu.

Kateni mlango. Ni mbao tu. Msipoteze mnunuzi.

Shangazi


Nyumbani, 30 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imetukuta tumeshafanya kitu kingine. Natumaini hutakasirika.

Baba hakuweza kungoja. Jumamosi moja asubuhi nilisikia nyundo. Nikatoka, nikamkuta amepiga magoti koridoni na tindo, anang'oa vigae vyake mwenyewe. Shangazi, vigae hivyo alikuwa akivifuta kwa shati la zamani kila jioni! Bwana Fursa alifika akashika kichwa.

"Mzee! Unabomoa nyumba ambayo mteja yuko njiani?"

"Nasahihisha kipimo," Baba akasema.

"Si ungekata mlango!"

"Mlango haukukosea."

Aling'oa kufuata njia ya mlango, mpaka ikatokea robo ya duara ya sakafu ya zamani, ile nyekundu. Kisha akanipisha, akasema nivute mimi. Nikavuta. Ulifunguka wote, ukalala ukutani kama ulivyosema.

Chumba kina vumbi na harufu ya dawa ya kuchua. Dirisha lake ni la zamani, la mbao, na ndilo pekee katika nyumba yetu linaloonyesha mlimau. Baba alikaa kwenye kiti cha Bibi. Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa anajaribu: aligeuza kiti palepale, akajisukuma akapita mlangoni, akafika koridoni.

"Kinapita," akasema. Akarudi, akapita tena. "Kinapita kabisa."

Halafu nami nikaenda kumwagilia mlimau, ingawa ulikuwa na maji ya kutosha.

Dereva na mkewe walikuja mchana, pamoja na yule bibi. Bwana Fursa alikuwa amefunika pale palipobomolewa kwa mkeka, lakini mapacha waliuvuta. Baba akawaeleza yote, hata yale ambayo Bwana Fursa alimkonyeza asiyaseme. Akamletea yule bibi kiti. Akaketi, akapita mlangoni, akageuka, akatazama nje.

"Limau hizo za nani?" akauliza.

"Zako, Mama," Baba akajibu.

Wanainunua, Shangazi. Dereva aliuliza kama tutarudishia vigae, na mke wake akamwambia, "Wewe, paache hivyo hivyo. Utajuaje mlango unaishia wapi?" Kiti tumewaachia. Samahani, hatukukuuliza kwanza.

Barua yako ilipofika nilimpa Baba ule ukurasa. Aliusoma amesimama, kisha akausoma amekaa. Yuko nao mfukoni. Mama amelia kwenye simu, na Kishindo ameahidi kunipisha kitandani upande wa ukutani.

Kimebaki kitu kimoja. Nyumba ni yenu wawili, na hatuwezi kukabidhi bila wewe kutia sahihi. Baba anasema karatasi zinaweza kuletwa huko na gari la dawa, usije ukaumiza magoti. Alisema hivyo akiwa anatandika kitanda kwenye chumba cha mwisho wa korido.

Mtoto wako


Zahanati, 19 Septemba

Bi Maswali wangu,

Kiti mmefanya vizuri. Hakikuumbwa kutazama kabati.

Karatasi zisije. Nimeomba ruhusa, na dereva wa gari la dawa amekubali kunibeba mbele, pembeni ya boksi la glavu. Nitakuwa hapo kabla ya mwezi kuisha. Niwekeeni limau moja mtini, nitalichuma mwenyewe.

Ni siri yetu sisi wawili. Usimwambie baba yako.

La. Mwambie.

Shangazi